Simu ya Kwanza Kulia Ni ya Meza ya Mbele

Ndugu wenzangu wasomi, tuseme ukweli. Mikutano yetu ya Kisenge inaanza na sala, kisha tangazo: "Zimeni telefone zote." Mara ngapi simu ya kwanza kulia imekuwa ya meza ya mbele? Mkubwa anaweka mkono mdomoni: "Alo? Niko mu reinyo, ongea mbio." Halafu anaongea dakika tano, sisi tunangoja. Kisha hapo, nani atathubutu kumwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza azime yake?

Njo maana nasema sheria hii ni mbaya. Si juu iko kali. Ni mbaya juu hakuna anayeifuata, na haitofautishi shida na mchezo.

Wazee wa hapa wanajua thamani ya habari ya mbali. Mwaka 1975 vita vya Angola vilikata reli ya Benguela, na manganezi ya Kisenge ikakosa njia yake ya kwenda baharini. Kabla ya simu za mkononi, mtu aliyetaka kuongea na ndugu wa mbali alienda kwenye foni, akapanga mstari, akangoja aitwe. Leo simu moja inabeba yote: mgonjwa aliyepelekwa Kolwezi, kaka aliye juu ya lori barabarani, minervali ya mdogo wako. Mama mwenye mtoto hospitalini ukimwambia azime, umemwambia asikuje. Atakuja, ataificha ndani ya kitenge, atakaa na roho juu. Pembeni yake kijana naye ameficha yake, anaangalia mpira. Kwa sheria yetu, hawa wawili wana kosa moja.

Wengine wanasema tuweke kikapo mlangoni, kila mtu aache simu yake humo. Lakini Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, na toka hapo simu ni mfuko wa pesa. Nani anaacha mfuko wake mlangoni? Na ikipotea, nani atalipa?

Tena, simu inayolia si mbaya kuliko zote. Ikilia, wote tunasikia, mwenyewe anaona haya. Ile iliyonyamazishwa njo inatuharibia kazi. Nilikuwa katika mkutano mmoja wa chama, tukapiga kura juu ya pesa za kusaidia wanafunzi. Mikono ilipanda, vichwa viko chini, macho kwenye vioo. Usiku, kundi la WhatsApp likawaka moto: "Nani aliamua hivi? Sisi hatukukubali!" Walikuwa mule ndani. Mikono yao ilihesabiwa. Waliopata hasara si wao, ni wanafunzi: pesa zilisimama mpaka mkutano mwingine, na tarehe ya kulipa haikuwangoja.

Kwa hiyo naomba tubadilishe, bila faini na bila makelele.

Kwanza, prezida aweke simu yake juu ya meza, imezimwa, mbele ya kutuomba sisi. Akishindwa, asiombe.

Pili, anayengoja habari ya lazima aseme mwanzoni: "Nina mgonjwa." Akae karibu na mlango. Ikilia, atoke, aongee huko nje. Hakuna wa kumuuliza.

Tatu, mbele ya kila kura, sekretere asome uamuzi mara mbili, kwa sauti, na simu zote ziwe chini. Dakika moja tu.

Nne, mkutano usipite saa moja bila kupumzika. Tukiongea masaa matatu juu ya jambo la nusu saa, tusilaumu telefone. Mtu anakimbilia kioo juu maneno yetu yamemchosha.

Hii ya nne itauma wengi, najua, hasa sisi tunaopenda kuchukua neno. Kwenu vyama vinafanya namna gani? Na nani alizima ya kwanza?