Mtetemo wa Talat Mahmood

Katika waimbaji wa filamu za Kihindi, Mohammed Rafi unamtambua mara tu anapopandisha sauti. Kishore Kumar unamtambua hata akicheka. Talat Mahmood inabidi umngoje neno likaribie kwisha. Hapo, anapoishikilia irabu ya mwisho, sauti haitulii: inatetemeka, kidogo mno, kiasi kwamba asiyesikiliza kwa makini atadhani ni santuri iliyochakaa. Mtetemo huo ndio uliompa jina, na nusura umnyime kazi.

Alizaliwa Lucknow tarehe 24 Februari 1924, katika mji ambao Kiurdu chake husifiwa kila kinapozungumzwa na ambao washairi walikuwa wakikusanyika kusomeana beti hadi usiku wa manane. Alisomea muziki wa kikale katika chuo cha Marris kwa mwalimu S. C. R. Bhatt, na alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi alikwisha kuimba ghazali, yaani mashairi ya Kiurdu yenye vina, katika All India Radio ya mji huohuo. Kampuni ya santuri ya HMV ikamrekodi mwaka 1941. Kisha akaenda Calcutta, ambako alitoa nyimbo za Kibengali kwa jina la Tapan Kumar, na mwaka 1944 akapata ghazali iliyosambaa India nzima, “Tasveer Teri”, mahadhi ya Kamal Dasgupta na maneno ya Fayyaz Hashmi. Haikuwa ya filamu. Ilikuwa sahani tu ya santuri, na mwimbaji wake hakuwa na mwigizaji wa kujificha nyuma ya sura yake.

Alipohamia Bombay mwaka 1949 mambo yakageuka. Pale kazi ilikuwa ya kuwaazima waigizaji sauti, na minong'ono ikaanza: huyu kijana sauti inamtetemeka, ana woga, hafai. Inasimuliwa kwamba alipofika kwa mtunzi Anil Biswas kurekodi wimbo wa filamu ya Arzoo, iliyotoka mwaka 1950, Talat alijikaza kisabuni akaimba kwa sauti iliyonyooka kama rula. Biswas akasimamisha kazi. Akataka kujua ule mtetemo umepelekwa wapi, maana ndio aliomwitia. Wimbo ukaimbwa upya, mwigizaji Dilip Kumar akaufumbulia mdomo mbele ya kamera, na tangu siku hiyo mtunzi aliyekuwa na wimbo wa mtu aliyevunjika moyo alijua aende kubisha hodi kwa nani.

Mtu akisema tu kwamba Talat “alikuwa na sauti ya huzuni” anampunja. Huzuni haihitaji ufundi, kila aliyeachwa anayo. Sikiliza anavyoutumia huo mtetemo. Hautii katika kila neno. Mwanzo wa mshororo unakuja umetulia kabisa, karibu na mazungumzo ya kawaida, kila konsonanti mahali pake, hata zile za kooni ambazo waimbaji wengi wa Bombay walikuwa wakizilainisha. Katikati ya mshororo sauti inapanda bila kuongeza nguvu. Mtetemo unakuja mwishoni, pale ambapo mwimbaji mwingine angeongeza pumzi apate kishindo, na yeye anaipunguza. Anafanana na mtu anayebeba kikombe kilichojaa pomoni: mkono unatetemeka kwa sababu ya kilichomo, na hakimwagiki kitu.

Pana mahali pa kulipima jambo hili vizuri kuliko maneno yangu. Mwaka 1952 Sajjad Hussain, mpiga mandolini hodari na mtunzi aliyeogopwa na wanamuziki kwa jinsi alivyokuwa haridhiki upesi, alimpa Talat wimbo wa usiku wenye upepo na mbalamwezi, katika filamu ya Sangdil. Mahadhi yake yana vikunjo vidogo vidogo, kila kimoja ni mtego. Miaka sita baadaye Madan Mohan alijenga wimbo wa Aakhri Dao juu ya kiunzi kilekile, safari hii akampa Rafi. Watu wamebishana miaka mingi kuhusu nani alimwibia nani na kama wizi wa aina hiyo ni wizi, na mimi huo ubishi nawaachia wenyewe. Kwangu faida ni kwamba tunazo nyimbo mbili zenye mifupa inayofanana na makoo mawili tofauti. Rafi anavifungua vile vikunjo, anavionyesha kimoja kimoja, unastaajabu. Talat anavipita kama mtu anayepita katika nyumba yake gizani. Havionekani. Ukijaribu kuuimba wimbo huo mwenyewe ndipo unapogundua ulikuwa na vikunjo vingapi.

Ikumbukwe pia namna walivyorekodi. Miaka ile ya hamsini mwimbaji na wapiga fidla, filimbi na tabla walikuwa katika chumba kimoja, wanapiga kwa pamoja. Maikrofoni zilikuwa chache; aliyetakiwa asikike zaidi alisogezwa karibu, aliyetakiwa asikike kwa mbali akarudishwa nyuma. Mmoja akikosea, wote wanarudi mwanzo. Katika hali hiyo mwimbaji mwenye sauti kubwa ana kinga: hata fidla zikizidi, atasikika. Talat hakuwa na kinga hiyo. Watunzi waliomwelewa walimpunguzia ala. Khayyam, katika filamu ya Footpath ya mwaka 1953, aliiweka tabla kando, mwendo ukashikwa na gitaa na besi, na Talat akaachiwa nafasi ya kuvuta pumzi bila kukimbizwa na mdundo. Wimbo ule ni wa jioni ya upweke, na kwa masikio yangu hakuna rekodi nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi ukimya kati ya maneno mawili unavyoweza kuimbwa.

Lakini mtihani mkubwa aliupata kwa mtunzi S. D. Burman mwaka 1959. Bimal Roy alikuwa akitengeneza filamu ya Sujata, kisa cha msichana wa tabaka la “wasiogusika” aliyelelewa katika nyumba ya watu wa tabaka la juu, anayependwa na kijana wa watu hao. Katika tukio moja Sunil Dutt anamwimbia Nutan kwa simu. Hakuna bustani, hakuna wacheza ngoma mlimani. Kuna kijana ameshika kipokezi upande mmoja, na upande wa pili msichana anasikiliza machozi yakimlenga, asijibu kitu. Sasa fikiria kazi aliyopewa mwimbaji. Wimbo wa filamu huimbwa usikike ukumbi mzima, mpaka viti vya nyuma vya bei poa. Huu ulitakiwa uingie katika sikio moja. Akiupaza, tukio linakuwa kichekesho, maana hakuna anayepiga kelele ndani ya simu ya mapenzi. Akiunyamazisha mno, ukumbi hausikii. Talat aliuimba kwa kipimo cha mtu aliyesogeza mdomo karibu na chombo, na ukumbi mzima ukajiona umedukua mazungumzo ya watu.

Hizo ni nyimbo zinazojulikana. Wapenzi wake wa kweli wanajuana kwa zile zisizojulikana. Idadi ya nyimbo zake hutajwa kuwa karibu 750, ndogo ukiilinganisha na maelfu ya Rafi au Lata Mangeshkar, na bado sehemu kubwa yake imezama. Baadhi zilizama pamoja na filamu zilizoanguka wiki ya kwanza. Nyingine ni ghazali ambazo hazikuwa na filamu tangu mwanzo, zikabaki katika sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika ambazo zikidondoka hazikunjiki bali hupasuka. Na ziko beti nadra ndani ya nyimbo maarufu zenyewe. Upande mmoja wa sahani hizo ulibeba dakika tatu na ushei, basi wimbo ulioendelea zaidi ya hapo kwenye filamu ulikatwa ubeti ukiwekwa kwenye santuri. Anayeujua wimbo kwa redio tu hana habari kwamba kuna ubeti mzima asioujua.

Filamu ya Chhaya ya mwaka 1961 ni mfano mwingine. Salil Chowdhury alichukua mwanzo wa simfoni ya 40 ya Mozart akaufanya wimbo wa majibizano kati ya Talat na Lata, mchangamfu, unaosikika mpaka leo. Wachache hufuatilia kwamba filamu hiyohiyo ina toleo la pili, Talat peke yake, taratibu, la majonzi. Mozart aliyekuwa akikimbia sasa anatembea. Sauti zilezile zilizokuwa na furaha zinageuka kuwa za mtu anayekumbuka furaha, na kilichobadilika zaidi ni mwendo na urefu wa pumzi. Ukiyasikiliza matoleo hayo moja baada ya jingine hutahitaji mwalimu wa kukueleza mwimbaji huongeza nini katika mahadhi ya mtunzi.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki ghazali haikutupiga chenga sana. Mwenye kuzoea shairi lenye vina na mizani anaelewa mara moja mchezo wa kungojea neno la kufungia ubeti, kila ubeti ukijitegemea na bado ukirudi nyumbani kwa sauti ileile. Talat alijua kumngojesha msikilizaji. Anafika kwenye kina, anasita nusu pumzi, ndipo anakitua. Sikiliza ghazali ya mshairi Ghalib aliyoiimba na Suraiya katika filamu ya Mirza Ghalib, ya mwaka 1954, mtunzi Ghulam Mohammed. Hata asiyejua Kiurdu, akiokota “dunia” hapa na “lakini” pale katika nyimbo za namna hiyo, anajua ubeti umefungwa wapi.

Na njia ya nyimbo kati ya Bombay na huku ilikwisha kupitika. Mwimbaji wa Unguja Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi kwa HMV, kampuni ileile iliyomchukua Talat baadaye. Miaka ya hamsini majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam yalijaa watu wa kila asili kutazama filamu za Kihindi. Mwaka 1956 Talat mwenyewe akaja Afrika Mashariki kufanya maonyesho, mmoja wa waimbaji wa mwanzo kabisa wa filamu za India kufanya ziara ya namna hiyo nje ya nchi yao. Baadaye ndipo zikaja ziara za Uingereza, Marekani na visiwa vya Karibi.

Kinachonishangaza ni kwamba alituachia kidogo kuliko wenzake. Waimbaji wetu walioyavalisha mahadhi ya Kihindi mashairi ya Kiswahili, Juma Bhalo wa Mombasa akiwa mbele yao, walipata mali tele katika nyimbo zenye mdundo na mapindu makubwa. Wimbo wa Talat ni mgumu kuazima. Ukiitoa sauti yake, mara nyingi unabaki na mahadhi membamba yasiyo na pa kushika.

Wembamba huo ndio uliomponza kwao pia. Kufikia mwisho wa miaka ya hamsini filamu zilitaka dansi, na watunzi wakataka makoo ya kupaa. Isitoshe alikuwa na sura nzuri, akashawishika kuigiza. Alionekana katika Dil-e-Nadaan mwaka 1953, na katika Sone Ki Chidiya mwaka 1958 akiwa na Nutan. Sina budi kusema wazi: kama mwigizaji alikuwa mti. Miaka ambayo koo lake lilikuwa limekomaa alitumia sehemu yake mbele ya kamera, mahali ambapo hakuwa na cha kututajirisha.

Madan Mohan hakukubali aishie hapo. Mwaka 1964, Rafi akiwa ndiye mfalme wa mji, alishikilia kwamba Talat apewe nyimbo za shujaa katika filamu ya Jahan Ara, kisa cha binti wa mfalme Shah Jahan. Filamu ilianguka chali. Nyimbo zimebaki, na mimi naziweka juu ya zote alizowahi kuimba. Umri umeizidishia sauti uzito kidogo, mtetemo umekuwa wa polepole zaidi, na sasa haupo mwishoni tu. Unajitokeza hata katikati ya neno, pale inapotajwa jioni, kisha unatoweka kabla hujauzoea. Baada ya hapo kazi zikapungua. Serikali ya India ilimtunuku Padma Bhushan mwaka 1992, akafariki Mumbai (Bombay ya zamani) tarehe 9 Mei 1998.

Anayetaka kuanza kumsikiliza nampa onyo moja. Siku hizi rekodi zake nyingi husafishwa kwa kompyuta kabla ya kuuzwa tena, mikwaruzo inafutwa, mwangwi unaongezwa ili sauti ionekane kubwa. Usafishaji huo ukizidi, unaweza kufuta mambo madogo ya sauti pamoja na mikwaruzo. Nimesikia toleo la wimbo wa Footpath lililooshwa hivyo, sauti inang'aa kama kigae, irabu za mwisho kwa masikio yangu zimenyooka vilevile Biswas alivyozikataa studioni. Tafuta nakala iliyotolewa kwenye sahani ya zamani na kuachwa ilivyo, pamoja na kelele yake yote, halafu punguza sauti ya redio badala ya kuiongeza.