Kumpiga picha mnyoo bila kumuua

Mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, akikomaa, ana urefu wa milimita 1 hivi, na mwili wake unapitisha mwanga. Seli zake huonekana akiwa hai, bila kupasuliwa wala kutiwa rangi. Sydney Brenner alimchagua huko Cambridge, Uingereza, miaka ya 1960, lakini aliyeutumia uangavu huo hadi mwisho ni John Sulston.

Tatizo la kwanza lilikuwa kumtuliza. Sulston alimlaza juu ya tabaka jembamba la agari (aina ya jeli), akampa bakteria kidogo, akamfunika kwa kioo. Mnyoo aliyepata chakula haendi mbali, na huendelea kukua huku akitazamwa. Hadubini ya mfumo wa Nomarski ilimwonyesha Sulston viini vya seli vikiwa vimejitokeza wazi kwa mwanga wa kawaida tu. Video za wakati ule hazikutosha kuufuata ukuaji wote ndani ya yai, kwa hiyo alitazama kwa jicho na kuchora kwa mkono, vipindi viwili vya saa 4 kila siku, kwa mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha ukoo mzima wa seli za kiinitete: katika mnyoo mwenye jinsia zote mbili, seli 671 hutokea ndani ya yai, na 113 kati yake hufa kabla hajaanguliwa.

Hizo 113 ndizo zinazonivutia zaidi. Seli inayokufa humezwa na jirani zake upesi. Ukimhifadhi mnyoo kwa dawa ili umchunguze baadaye, hutajua kwamba iliwahi kuwepo. Ilibidi mtu awe anatazama saa ileile.

Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kuwa protini ya kijani ya kiwavi-bahari inaweza kung'aa ndani ya mnyoo huyu. Ikiunganishwa na histoni, protini iliyomo ndani ya kiini, kila kiini hung'aa, na kompyuta inaweza kuvifuata viini yenyewe. Gharama yake ni leza inayoimulika ili ing'ae: mwanga mkali wa buluu huidhuru seli, na kiinitete kikimulikwa mno hukua vibaya au hufa. Hadubini ya konfoka hupiga picha tabaka moja, lakini humulika unene wote kila mara. Ndiyo maana naona karatasi ya mwanga, inayoingia kwa ubavu na kumulika tabaka linalopigwa picha tu, ni hatua kubwa kuliko kamera yoyote mpya.

Bado kuna kipindi kigumu. Katikati ya ukuaji misuli huanza kukaza, na kiinitete hujiviringisha ndani ya ganda. Picha ikichelewa kidogo, seli iliyokuwa juu imeshahamia chini, na programu haitambui tena ni ipi.