Kikombe Kimoja, Vikombe Sita

Mhudumu mzoefu wa wodi hamimini klorini kwa kukisia. Kabla zamu ya asubuhi haijachangamka, huisogeza ndoo ya plastiki kivulini, akashika chupa ya jiki na kusoma lebo: asilimia 3.5. Anachotaka ni dawa ya asilimia 0.5, ile ya kulowekea mikasi na koleo kwa dakika 10 kabla havijaoshwa. Hugawa 3.5 kwa 0.5, akapata 7. Hutoa 1, zikabaki 6. Kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji.

Ile moja inayotolewa ndiyo siri ya kazi. Jiki yenyewe ni mojawapo ya zile sehemu saba. Anayesahau kuitoa, akatia vikombe saba vya maji, hupata ndoo ya sehemu nane, na nguvu hushuka hadi 0.44. Kwa macho hakuna tofauti. Mjuzi hajali kama anapimia bilauri au kopo tupu la maziwa, mradi kilichopimia jiki ndicho kinachopimia maji. Ikija chupa ya asilimia 5, jibu humtoka hata kabla hajashika kalamu: vikombe tisa vya maji.

Kazi hii ina ukoo. Mwaka 1847, huko Vienna, Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi wanawe mikono kwa maji ya chokaa ya klorini, na vifo vya wazazi wodini mwake vikapungua sana. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mkemia Henry Dakin aliizimua dawa ya klorini hadi karibu asilimia 0.5, iue vijidudu bila kuunguza nyama ya jeraha.

Siku hizi, kwa wengi, pua ndiyo kipimo.

Mtu humwaga jiki, akanusa, akaongeza. Ikizidi, koo huwasha na mikasi huliwa na kutu. Ikipungua, vijidudu hubaki. Ndoo ya jana, ambayo wakongwe waliimwaga ikitimiza saa 24, huongezewa maji isiharibike bure. Chupa nazo hukaa juani dukani, nguvu ikipungua siku hadi siku, lebo ikisema bado 3.5.

Wakati wa korona, mwaka 2020, baadhi ya ndoo zilizopangwa milangoni zilitiwa jiki. Mikono hutosheka na asilimia 0.05, yaani kikombe kimoja cha dawa ya wodini kwa tisa vya maji. Mara nyingi aliyezijaza hakuwa amekabidhiwa hata kikombe.