SMIG imepanda, kipande nacho kimepanuka

Wandugu, toka Januari tunagombana juu ya namba moja: falanga 21.500 kwa siku. Kuna wanaosema SMIG hiyo bado ni ndogo, kuna wanaosema mapatro watafukuza watu. Nimesikiliza pande zote mbili, na naona zote zimesahau kwamba kule shamba siku haipimwi kwa saa. Inapimwa kwa mita.

Nakumbusha kidogo. Amri ya 2018 iliweka 7.075 kwa siku. Ikakaa hivyo miaka saba, falanga ikipoteza nguvu mbele ya dola, hakuna aliyeigusa. Mwezi wa 5 2025 ikafika 14.500, na Januari 2026 ikafika 21.500. Kwa karatasi ni mara tatu. Mi pia nilipiga makofi.

Mwezi wa 11 mwaka jana nilipata kazi ya muda kwenye shamba kubwa la mahindi, si mbali na Lubumbashi. Kazi yangu ya kwanza: kushika mita na kupanda vijiti, kila mlimaji apate kipande chake cha siku. Kapita akaniambia ari 4 kwa mtu. Nikamuuliza, si zamani ilikuwa 2? Akacheka: "Bwana agronomu, falanga imeongezeka, kazi nayo iongezeke." Nikapima ari 4.

Aliyewahi kushika jembe anajua. Ule udongo mwekundu, mvua bado haijashika vizuri, mtu mwenye nguvu akimaliza ari 2 kwa siku, amelima. Ari 4 ni siku mbili, na kipande kisichoisha hakilipwi. Basi gawanya 14.500 kwa 2: 7.250. Falanga 175 juu ya ile ya 2018. Njo ongezeko lote hilo! Na kwenye daftari ya patro kila kitu ni sawa. Inspekta wa kazi akija, ataona 14.500 na sahihi pembeni.

Kuna mama mmoja alikuwa anamaliza kwa siku moja, sababu alikuja na binti yake wa miaka kama 13. Majembe mawili, jina moja kwenye daftari.

Simtukani patro bure. Mbolea iko bei kali, na mahindi ya Zambia yanamvunjia soko. Na sisi wa mjini, unga ukipanda kidogo tunapiga kelele. Lakini kama hawezi kulipa, aseme hawezi, asijifiche nyuma ya mita.

Wale wanaotaka 30.000 mwaka kesho, sawa, mi siko kinyume. Ila kapita atapanda vijiti kwenye ari 6. Amri iseme pia kipande cha siku ni ngapi, kwa kulima, kwa kupalilia, kwa kuvuna, kila udongo na chake. Namba hizo haziwezi kutoka kwenye ofisi Kinshasa. Sisi ndio tuliofundishwa kuzipima.

Naanza na yangu: jembe la mkono, udongo mwekundu wa Lubumbashi, mwezi wa 11, ari 2. Wa Kasenga na Kamina, leteni zenu.