Baa Ndiyo Iliyotunga Wimbo

Miaka ya 1960 inapokumbukwa Kongo, hutajwa watu: sauti laini ya Joseph Kabasele, gitaa la Nico Kasanda, Franco na OK Jazz yake, Tabu Ley Rochereau ambaye mwaka 1963 alitoka African Jazz pamoja na Nico wakaunda African Fiesta. Sifa hizo ni haki yao. Ila zinamwacha nje mtunzi mmoja ambaye hakuandikwa kwenye lebo ya santuri yoyote, naye ni baa. Umbo la dansi la Kikongo, yaani mwanzo wa taratibu wenye maneno na kisha sebene la magitaa, lilichongwa na mazingira ya kazi: ua usio na paa, maikrofoni moja au mbili, na mwenye baa aliyetaka kreti zake ziishe. Na mji wa kuipimia hoja hii si Léopoldville bali Stanleyville, ambao tangu 1966 tunauita Kisangani.

Nauchagua kwa sababu lebo zilizojenga biashara ya santuri, Ngoma, Opika, Loningisa na Esengo, zote zilikuwa Léopoldville. Stanleyville ilikuwa mwisho wa safari ya meli, kilomita zipatazo 1,700 juu ya mto, na muziki uliifikia kwa redio, kwa santuri na kwa wapigaji walioshuka bandarini na magitaa yao. Wendo Kolosoy, aliyevuma mwaka 1948 kwa wimbo wa Marie-Louise, alikuwa kwanza fundi mitambo kwenye meli za mto huohuo. Kwa upande wa pili, reli ya kilomita 125 iliyakwepa maporomoko hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, na huko meli nyingine zilielekea Kindu. Hivyo Kilingala kilichopanda na mto kilikutana hapo na Kiswahili kilichoteremka kutoka Maniema. Mtafiti Valdo Pons, aliyeuchunguza mji huu mwaka 1952 na 1953 na kutoa kitabu chake mwaka 1969, alikuta barabara moja tu ya mitaa ya Waafrika ikiwa na watu wa makabila mengi waliolazimika kuelewana kwa lugha hizo mbili. Mpigaji aliyesimama mbele ya watu wa mitaa ya Tshopo, Mangobo, Kabondo na Lubunga hakuweza kudhani kwamba wote wanayafuata maneno yake. Magitaa waliyafuata wote.

Tuanze na fedha. Ala za umeme zilikuwa ghali mno kwa kijana wa mtaani: gitaa, ampilifaya, spika, saksafoni, tumba. Kwa hiyo mara nyingi mwenye vyombo alikuwa mtu mwingine, na mwenye baa ndiye aliyekuwa na sababu ya kuvinunua. OK Jazz yenyewe, iliyoanza 1956, ilichukua jina lake kutoka baa ya OK ya Oscar Kashama kule Léopoldville, na hilo linatosha kuonyesha nani alikuwa tajiri na nani mfanyakazi. Muziki uliuza bia, bia ikalipa muziki. Tusiwasahau wanawake waliojiunga katika vyama kama La Mode na La Rose huko Léopoldville. Walifika kwa kundi, wamevaa kitambaa kimoja, na meza yao iliwavuta wanaume wenye fedha. Bendi waliyoipenda ilipata watu, na bendi waliyoihama ilibaki na viti. Mara nyingi historia za muziki huwapa aya moja, jambo ninaloliona ni uonevu, kwa kuwa wao ndio walioamua kila wikendi kitu gani kinachezeka.

Sasa ufundi wenyewe. Ua wa wazi ni mahali pabaya kwa sauti ya mtu. Hakuna ukuta wa kuirudisha, wanywaji wanaongea, chupa zinagongana. Waimbaji wawili au watatu walisogea kwenye maikrofoni moja wakaimba kwa pamoja, mmoja juu na mwingine chini yake, na upatanifu huo ambao leo tunausifia utamu ulikuwa pia njia ya kuongeza nguvu ya sauti. Gitaa la umeme halikuwa na shida hiyo, kwa sababu lilitoka kwenye spika, na likipigwa kwenye nyuzi nyembamba lilipenya kelele zote. Mafundi wakaenda mbali zaidi. Kwa mtindo wa mi-composé, uzi wa nne wa gitaa hutolewa, na mahali pake hufungwa uzi mwembamba unaolia oktava moja juu. Mkono unabaki palepale, vidole vinashika vilevile, lakini mlio unaotoka unang'aa kama wa magitaa mawili. Jambo hili linagharimu uzi mmoja tu. Baadaye, gitaa la kati, mi-solo, likawekwa baina ya ridhimu na solo ili kuziba pengo, na kila mpigaji akawa na kipande kifupi anachokirudia bila kuingia njia ya mwenzake.

Hapo ndipo sebene linapopata maana yake ya kikazi. Ridhimu inazunguka juu ya kodi mbili au tatu, besi inashikilia, solo inabadilisha kipande inapoona wachezaji wamekizoea. Hakuna idadi ya mizunguko iliyoandikwa. Kiongozi anaangalia uwanja: ukijaa, anaongeza, ukipwaya, anakata. Sehemu ya maneno huwaweka watu kwenye viti au katika mikono ya wenzi wao kwa utulivu, sebene huwatoa jasho, kisha pumziko huwarudisha mezani wakiwa na kiu. Sidai kwamba Nico alipiga solo akiwa anahesabu chupa. Nadai kwamba wimbo uliopangwa hivi ulidumu kwa sababu uliwafaa wote watatu kwa pamoja, mchezaji, mpigaji na mwenye kaunta, na kwamba nyimbo zilizopangwa vingine hazikupata nafasi hiyo.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye santuri zenyewe. Santuri ya mizunguko 45 ilibeba takriban dakika tatu au zaidi kidogo kila upande, na kwenye rekodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1960 sebene ni fupi, limebanwa mwishoni kama kwamba fundi mitambo ameshanyoosha kidole. Kama umbo la wimbo lingetungwa studio, lingeendelea kutulia ndani ya dakika hizo. Halikutulia. Kufikia miaka ya 1970 nyimbo zilikuwa zinakatwa vipande viwili, maneno upande wa kwanza na sebene upande wa pili, na santuri kubwa ilipoenea Franco aliutumia upande mzima kwa wimbo mmoja. Santuri ndiyo iliyonyooshwa ili iufikie ua, na baa zilikuwa zimetangulia. Mji kama Stanleyville, uliozipata nyimbo kwa santuri fupi na kisha kuzicheza kwa bendi iliyo mbele yake, ulizisikia zikirefushwa tena.

Kuna pingamizi zito hapa, nalo linatoka Kuba. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilianza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930, na ndani yake muziki wa son ulikuwa tayari na sehemu mbili: ya kwanza ya maneno, ya pili, montuno, ya moto. Basi Wakongo waliiga tu, na baa haina chake? Kuiga kulikuwepo, na hakuna aliyekuwa na haya nako. Lakini sikiliza kinachotokea katika sehemu ya pili. Katika montuno waimbaji huzidi kupamba moto, kiongozi akitupa maneno na kiitikio kikimjibu. Katika sebene waimbaji hupungua au kunyamaza, na magitaa hushika uwanja. Kuba haiwezi kutueleza tofauti hiyo. Ua wenye maikrofoni moja na ampilifaya za magitaa unaweza, na mji wa lugha mbili pia unaweza. Ala za mbao na chuma za vijijini, zilizozoea kuzungusha kipande kimoja kwa muda mrefu, zilisaidia. Wapigaji hawakuanza na masikio matupu.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, na kwa Kisangani haliwezi kurukwa. Yeyote anayeusifia muongo huo ataulizwa: dansi gani? Serikali ya Antoine Gizenga ilijitangaza hapo Desemba 1960. Waasi wa Simba waliuteka mji Agosti 1964, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka, na damu nyingi ikamwagika kabla na baada ya siku hiyo. Mwaka 1966 na 1967 yakafuata maasi ya wanajeshi wa Katanga na mamluki. Mwimbaji Abeti Masikini alizaliwa hapo mwaka 1954, akampoteza baba yake, mwanasiasa Jean-Pierre Finant, aliyeuawa Bakwanga mwaka 1961. Jina lake la uimbaji alilipata mbali na mji huo, hadi jukwaa la Olympia la Paris mwaka 1973. Huo ni ukweli, na kumbukumbu tamu inayouficha haifai. Ila hauipingi hoja yangu, unaieleza upande mwingine. Studio inahitaji mtaji na amani ya miaka. Baa inahitaji ua, umeme, meli moja ya bia na vijana wanne wenye vyombo, na hivyo ndiyo shughuli ya muziki iliyoweza kuvunjwa na kusimamishwa upya. Mji uliovurugwa mara nyingi hivyo usingeweza kuwa na muziki wa aina nyingine.

Kipimo cha mwisho kiko mashariki, ambako wapigaji wa Kongo waliuhamishia ufundi huu. Bendi ya Maquis du Zaïre ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyelelewa Kisangani, alifika mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Waliikuta Tanzania ambako mlipaji alikuwa tofauti: NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi na wapigaji wake walikula mshahara. Huko beti ni ndefu, kisa kinasimuliwa mwanzo hadi mwisho, mwajiri anataka ujumbe ufike. Sehemu ya moto ipo, mashabiki wanaiita chemko, lakini inasubiri zamu yake. Remmy alikaa katikati ya njia hizo mbili: alihubiri kwa Kiswahili kuhusu umaskini na kifo kwa urefu ambao mwenye baa wa Stanleyville asingeuvumilia, kisha akayaachia magitaa yafanye kazi yaliyofundishwa kule mtoni.