Kuisoma China kwa Vitabu Viwili

Tarehe 1 Oktoba 1970, China ikiadhimisha siku ya taifa, Mao Zedong alisimama juu ya lango la Tiananmen, na ubavuni pake mwandishi Mmarekani, Edgar Snow. Desemba picha yao ikatoka katika Renmin Ribao, gazeti la Chama cha Kikomunisti. Nafasi ile hakupewa mtu kwa bahati, achilia mbali Mmarekani. Ilikuwa ishara ya kutaka mazungumzo, lakini Washington haikushtuka; Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa Rais Nixon, alikuja kukiri kwamba ishara ile iliwapita. Julai 1971 mwenyewe alikuwa Beijing, kwa siri.

Dola inayosema kwa namna hiyo haisomwi kwa pupa. Kuisoma ni ufundi, na msingi wake wahenga walishauweka: msema pweke hakosi. Kila kitabu kitafutiwe mpinzani wake.

Tuanze na Snow. Mwaka 1936 alifika Bao'an, ngome ya wakomunisti, akamhoji Mao, na mwaka uliofuata kitabu chake kikawatambulisha wanamapinduzi wale duniani. Bado kinasomeka kwa raha. Ila maelezo ya Mao, aliyoyaandika Snow kwa Kiingereza, yalirudishwa kwa Kichina, Mao akayapitia na kuyasahihisha. Msomaji fundi hakitupi kitabu kwa sababu hiyo. Anajua tu nani mwingine aliishika kalamu.

Kisha Zhao Ziyang, katibu mkuu wa Chama aliyeng'olewa mwaka 1989 na kuwekwa kizuizini nyumbani mpaka alipofariki mwaka 2005. Humo ndani alijirekodi kwa siri, akifuta kanda za nyimbo za watoto na za opera ya Peking. Kitabu kilichotokana nazo kilitoka mwaka 2009. Anasimulia kikao cha Mei 1989 nyumbani kwa Deng Xiaoping, kiongozi mwenye kauli ya mwisho, ambako sheria ya kijeshi dhidi ya waandamanaji wa Tiananmen iliamuliwa bila kura rasmi. Ushahidi mzito, lakini ni wa mtu aliyeshindwa. Basi umweke kando ya Ezra Vogel, ambaye mwaka 2011 alitoa bonge la kitabu juu ya Deng, akimtazama kama mjenzi wa uchumi aliyeogopa vurugu kuliko lawama. Waliomkosoa Vogel walisema amemhurumia mno Deng. Baina ya wawili hao ndipo msomaji anapoanza kufikiri kwa akili yake.

Uhusiano wa nje nao husomwa vivyo hivyo. Hotuba zitakwambia TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ni alama ya udugu. Mwanahistoria Jamie Monson hakuishia kwenye hotuba. Alizungumza na wafanyakazi na wakulima wa kando ya reli, akachambua stakabadhi za vifurushi vilivyopakiwa vituoni, na humo akaona watu wa kawaida walivyoigeuza reli ya mataifa kuwa njia yao ya biashara.

Leo tunaletewa China mbili zilizokwisha kupikwa: mkombozi au mnyonyaji. Aliyezoea vitabu vinavyobishana hukawia kuhukumu, na huulizwa kila mara yuko upande gani. Asione haya kukawia. Siku mkataba wa reli au bandari utakapowekwa mezani, mtu wa kukaa upande wetu ni yule anayejua kuuliza ni nini hakikuandikwa humo.