Ufundi wa Kupunguza

Karl na Theo Albrecht walikulia dukani. Mama yao, Anna, alifungua duka dogo la vyakula mwaka 1913 huko Schonnebeck, mtaa wa wachimba makaa ya mawe mjini Essen, Ujerumani. Theo alijifunza kazi kwa mama yake, Karl katika duka jingine la vyakula. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikawachukua wote wawili. Karl alijeruhiwa upande wa mashariki, Theo akaangukia mikononi mwa adui. Waliporudi waliukuta mji umebomolewa kwa mabomu, na wateja wao ni watu waliojua thamani ya kila senti. Wakapokea duka la mama na kuanza kazi.

Ninachowahusudu ndugu hawa ni kile walichokataa kukiweka dukani, kuliko utajiri walioupata baadaye.

Mwanzoni hawakuwa na mtaji wa kujaza rafu. Waliweka bidhaa chache zinazotoka kila siku, wakitazamia kuongeza nyingine hali itakapokuwa nzuri, kama lilivyokuwa duka lolote la heshima. Mahesabu yakawaambia vingine. Duka lilikuwa likiuza vizuri licha ya uchache wa bidhaa zake, na gharama zilikuwa chini kuliko za majirani. Mwaka 1953 Karl aliieleza habari hii katika hotuba, naye alikuwa mtu asiyependa kabisa kusema hadharani. Alieleza jinsi uhaba ulioanza kwa kukosa pesa ulivyogeuka kuwa kanuni ya biashara: bidhaa chache, bei ndogo, basi. Wakati huo maduka yao yalikuwa na aina zisizofika 300 za bidhaa.

Inafaa tusimame hapa, maana watu wengi hudhani bei ndogo hutokana na kuridhika na faida ndogo. Hiyo ni sehemu tu. Mwenye duka lenye aina ishirini za jamu huagiza katoni mbili za hii, tatu za ile, na mwenye kiwanda hana sababu ya kumsikiliza. Mwenye aina moja huagiza lori zima, na anapotaja bei, kiwanda kinakaa mezani. Jamu ile moja hutoka haraka, haikai ikavuta vumbi wala kuozea stoo, na pesa yake inarudi mapema kununua nyingine. Chumba kinakuwa kidogo, kwa hiyo na kodi inapungua. Wafanyakazi wanakuwa wachache, na kila mmoja anakijua kila kitu kilichomo. Ukipunguza kitu kimoja, vingine vitano vinapungua vyenyewe. Kuuona mnyororo huo, na kuufuata bila kukengeuka kwa miaka, ndiyo kazi ngumu. Mwuzaji yeyote anajua jinsi inavyouma kumwambia mteja, "Hicho hatuna."

Maduka mengi ya Ujerumani ya wakati ule yalimpa mteja stempu, akazibandika katika kijitabu na baadaye kurudishiwa asilimia 3 ya alichotumia. Akina Albrecht wakaona stempu zinahitaji kuchapishwa, kuhesabiwa na kutunzwa. Wakaikata asilimia hiyo kwenye bei papo hapo, stempu wakaziacha. Bidhaa ziliuzwa zikiwa katika katoni zilizofunguliwa, maana kupanga kopo moja moja ni saa za mtu. Vitu vinavyohitaji ubaridi au vinavyooza upesi havikuwemo katika maduka yao ya mwanzo ya bei nafuu. Mpaka leo mteja hutia sarafu kwenye troli na kuipata tena anapoirudisha mwenyewe mahali pake, hivyo hakuna mtu wa kulipwa kwa kuzikusanya uwanjani.

Kufikia 1960 duka la Anna lilikuwa limezaa maduka 300. Mwaka uliofuata ndugu hao wakagawana, na inasimuliwa kwamba hawakuafikiana kama sigara ziuzwe karibu na keshia au la. Theo alichukua kaskazini, Karl kusini. Jina Aldi, yaani Albrecht Diskont, lilianza kutumika mwaka 1962, na hadi leo kampuni ni mbili. Theo alifariki mwaka 2010, Karl mwaka 2014.

Kubana huku kuna watu kunaowaumiza, na lazima watajwe. Wafugaji wa Ujerumani wameandamana zaidi ya mara moja kupinga bei ya maziwa inayoshushwa na maduka ya namna hii. Keshia naye hupimwa kwa kasi, na kasi huchosha mwili. Anayeusifia ufundi wa Aldi bila kumtaja keshia hajautazama vizuri.

Na keshia huyo ndiye anayenivutia kuliko wenye mali. Kwa miongo kadhaa bidhaa za Aldi hazikubandikwa bei moja moja. Bei ziliandikwa juu ya rafu, na keshia alizihifadhi kichwani, zote. Mkono wa kushoto ukisogeza unga, wa kulia ulikuwa tayari unabonyeza bei ya sukari inayofuata, macho yakiwa kwenye bidhaa na si kwenye vitufe. Bei ikibadilika, alijifunza upya. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu bidhaa zilikuwa mia chache tu. Uamuzi uliofanywa wakati wa ufukara ndio uliompa nafasi ya kuwa stadi kiasi hicho.

Ndiyo maana Aldi walichelewa sana kununua mashine za kusoma alama za mistari. Wenzao walikuwa nazo zamani, wao wakangoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kuwa mashine isingeweza kuwashinda makeshia wao kwa kasi. Walipokubali, walizichapisha alama hizo kubwa na ndefu, tena pande kadhaa za pakiti, ili keshia aipitishe bidhaa vyovyote alivyoishika bila kuigeuza.